Wifi, Eksi na Upande wa Mto

Kichwa cha wifi yangu nakijua kuliko kaka yangu, na kaka ndo kamuoa. Nakijua kwa juu. Najua ana kovu dogo nyuma ya sikio, najua nywele za kisogoni ni laini na za mbele ni ngumu kama brashi ya kusugulia sufuria, na najua kwamba akikaribia kupata jibu la hesabu, ngozi ya kichwa inasogea. Kweli kabisa. Anayebisha aje amsuke yeye.

Mimi ni msusi. Kibanda changu kiko Mikumi, nyuma ya ile barabara kubwa ya malori, mbele ya nyumba tuliyopanga. Nina turubai la bluu, benchi, na kiti kimoja chenye mguu wa kuazima. Nilimaliza la saba nikaiambia shule asante, inatosha, na shule nayo ikaniambia asante, inatosha, tukaachana kwa amani. Kaka ni utingo kwenye malori ya Zambia, kwa hiyo nyumbani anakuja kama mvua ya Agosti. Tunaobaki ni mimi, wifi, na mtoto wao mchanga ambaye kazi yake ni kunyonya na kutoa amri. Nikampa cheo kabisa, namwita Bosi.

Sasa, watu wengi wakisikia neno wifi wanakunja uso, wanategemea ugomvi. Sisi kwetu wifi ni mtani. Tena huyu katokea milimani, kule juu upande wa Berega, na sisi ni watu wa tambarare, wa Kisanga, kwa hiyo utani umejaa mpaka unamwagika. Mimi namwambia watu wa milimani mguu mmoja mfupi ili wasimame vizuri kwenye mteremko. Yeye ananiambia watu wa bondeni tukikuta kichuguu tunaomba mtu atushike mkono. Na utani una sheria yake: hakuna kununa, na lazima ujibu. Mtu akikutania ukakaa kimya, watu wanaanza kuuliza kama unaumwa.

Nasema haya yote kwa sababu nataka kuwaelezea huyu mwanamke anavyopiga hesabu, na bila utani hamtaelewa.

Wifi aliacha shule kidato cha kwanza. Alipoolewa akakaa kwanza Kisanga kwa mama yetu, akalima naye mpunga na bustani ya mchicha, halafu kaka akamleta huku Mikumi. Tangu afike alikuwa na wimbo mmoja: anataka kuwa nesi. Na unesi huupati bila cheti cha kidato cha nne. Kuna darasa la watu wazima linalosoma mchana kwenye shule ya msingi hapo karibu, watoto wakishatoka. Akaomba. Kaka akafikiria, mama akapigiwa simu, wakakubaliana: mwaka mmoja. Mwaka ukiisha hajaandikishwa kufanya mtihani, basi, wanafunga virago wanarudi Kisanga, maana mama mgongo unamuuma na mpunga haujivuni wenyewe.

Kiswahili, historia, baiolojia, hivyo alivipiga kama anakunywa uji. Shida ilikuwa mwalimu wa hesabu. Sio mtu mbaya, kijana mpole, shati limenyooka hata saa ya jua kali. Ila ana msimamo wake: hampeleki mtu kuandikishwa mtihani mpaka asimame ubaoni, achukue swali moja la homuweki, alifanye mwanzo mpaka mwisho huku anawaeleza wenzake kila hatua. Anasema asiyeweza kueleza hajajua, kakariri tu.

Na wifi yangu, huyu mwenye mdomo wa kuuzia samaki, akisimama mbele ya watu anakufa ganzi. Mara ya kwanza alipoitwa ubaoni alirudi nyumbani na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Nilisimama."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa."

Basi nikamwambia aje na homuweki zake kibandani, nitamsuka huku anafanya. Na ndo tukaanza hivyo. Anakaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yangu, daftari mapajani, mkebe wake wenye rula na bikari umefunguliwa pembeni. Hawezi kugeuka, maana nimeshika nywele. Mimi naona ukurasa kwa juu lakini maswali yako kwa Kiingereza, siambulii kitu. Kwa hiyo lazima anisomee, anigeuzie Kiswahili, halafu aniambie anachofanya. Asiponiambia, navuta nywele.

Siku ya kwanza akasoma: "Kuna namba. Ukiizidisha mara tatu, ukajumlisha tano, unapata ishirini na sita. Itafute."

"Saba," nikasema. Hata kitana sikukisimamisha.

"Umejuaje?"

"Nimejaribu sita ikagoma. Nikajaribu saba."

"Ndo hivyo hivyo unavyochagua wanaume?"

"Usibadilishe mada. Ni saba au sio saba?"

"Ni saba."

"Sasa unajaza ukurasa mzima unaandika nini?"

"Njia."

"Njia ya kwenda wapi wakati tumeshafika?"

Akacheka mpaka mstari nilioanza ukapinda. Halafu akanieleza, na hapo ndo nilianza kumheshimu, ingawa sikumwambia. Akasema leo ni saba kwa sababu mwalimu ana huruma. Kesho ataweka namba imevunjikavunjika, nitajaribu mpaka Bosi aote ndevu. Lakini ukiwa na njia, namba ikae vyovyote, utaifuata mpaka kwake. Hiyo namba usiyoijua unaipa jina la muda, eksi, ili uweze kuisema. Na ile alama ya sawa katikati inakuambia kushoto na kulia ni kitu kilekile. Ukitoa tano huku, lazima utoe tano kule.

"Kwa nini lazima?" nikavuta nywele.

"Aii! Wewe ukinisuka mistari mitano kushoto, ukanisuka minne kulia, nitatoka nje?"

"Kwa uso huo? Unaweza."

"Basi ndo hivyo. Ukigusa upande, gusa na mwenzake."

Nimesoma mimi darasani, nikafundishwa hesabu za kisanduku, weka namba kwenye kisanduku. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kisanduku ni cha nini. Huyu kaniambia nikiwa na pakiti ya rasta mdomoni.

Ila siku iliyoniweza kabisa ni ya pembetatu. Swali lilikuwa pembetatu moja, pembe zake moja ni eksi, nyingine eksi mbili, nyingine eksi tatu. Nikamuuliza hii eksi imefikaje huku, si tuliiacha kwenye namba? Akasema inaingia popote, kama nyani wa Mikumi, ukifunga mlango inapita dirishani. Akasema pembe tatu za pembetatu ukizijumlisha ni nyuzi mia na themanini, daima.

"Daima?"

"Daima."

"Hata ikiwa na sura mbaya?"

"Hata ikiwa na sura yako."

Nikakataa. Hapo hapo akachukua boksi la rasta, akakata pembetatu, akazichana zile kona tatu, akazipanga kwenye benchi zikiwa zimegusana ncha. Zikakaa mstari mmoja umenyooka, unaweza kuupitisha rula. Nikasema umechagua pembetatu nzuri. Nikakata yangu, nyembamba, mbaya, kama kisigino kilichokatika. Nikachana, nikapanga. Ikanyooka. Nikakata nyingine imelala chali. Ikanyooka. Mteja wangu mmoja, mama anayeuza chipsi jirani, akaacha kusukwa akaomba mkasi naye. Tulimaliza maboksi yote ya pale kibandani tukitafuta pembetatu moja tu mkaidi, na hatukuipata. Malori yanapita, vumbi linatuingia, watu wazima tumeinamia benchi kama tunachambua mchele.

Wifi anatuangalia tu, anatabasamu kama mtu aliyekualika nyumbani kwake ukasifia chakula. Halafu akarudi kwenye swali lake: eksi moja, mbili, tatu, jumla eksi sita, sawa na mia na themanini, kwa hiyo eksi ni thelathini. Thelathini, sitini, tisini. Akaichora, na pembe ya tisini ikatokea kweli, mraba kabisa, kona ya daftari ikaingia pale bila kubakiza nafasi. Nikamwambia wifi, kwenu milimani mlikuwa mnakula nini?

"Tulikuwa tunakula watu wa Kisanga," akasema.

Basi miezi ikaenda hivyo. Nikagundua kitu kimoja. Nikimwacha akafanya hesabu kimya kimya, anakwama. Nikimtania, anajibu, na akishaanza kunijibu zile hatua zinamtoka zenyewe, kama mtu anayegombana na anajua yuko sahihi. Ubongo wake na mdomo wake vimeunganishwa na waya mmoja. Tatizo ni kwamba darasani hakuna anayemtania. Wenzake ni watu wazima, wastaarabu, wanamheshimu. Wanamsikiliza kwa adabu, na ile adabu ndo inamuua.

Mwaka nao ulikuwa unaisha. Kaka akapiga simu kutoka barabarani, anauliza kwa upole, lakini nilimsikia: vipi, nianze kutafuta gari la kubeba vitu? Wifi akamjibu bado amebakiza nafasi moja. Mwalimu kasema wiki hii ni ya mwisho kupeleka watu.

Siku ile nilimsuka asubuhi, mistari ya kurudi nyuma, imebana mpaka macho yakawa ya Kichina. Mchana akaenda darasani. Kazi yangu mimi ni kumpelekea Bosi wakati wa mapumziko anyonye. Siku hiyo niliwahi. Mnajua wenyewe kwa nini niliwahi.

Nikasimama dirishani, Bosi mgongoni. Wifi alikuwa tayari ubaoni. Swali lilikuwa la homuweki ya jana yake, ambayo hatukuifanya pamoja, maana mimi nilikuwa na bibi harusi wa kusuka. Nikamsikia anawageuzia wenzake Kiswahili, sauti ndogo lakini ipo: kuna bustani ya mstatili, urefu wake umezidi upana kwa mita tatu. Imezungushiwa uzio, na uzio wote ni mita thelathini na nne. Tafuta eneo la bustani.

Akachora mstatili. Upana akauita eksi. Urefu akauita eksi jumlisha tatu. Nikasema moyoni, enhe, mama Bosi. Akaanza kujumlisha uzio: upana huu, eksi. Upana ule, eksi. Urefu, eksi jumlisha tatu. Jumla, eksi tatu jumlisha tatu, sawa na thelathini na nne. Akatoa tatu huku, akatoa tatu kule. Eksi tatu ni thelathini na moja.

Akasimama. Thelathini na moja kwa tatu haiendi. Inabaki vipande. Na mwalimu alishawaambia swali hili jibu lake ni namba nzima.

Akaangalia ubao. Darasa likamwangalia yeye. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna, kimya cha adabu kabisa, unasikia lori linapunguza mwendo kule barabarani. Nikaona mkono wa chaki unashuka polepole. Nikaiona shingo yake kwa nyuma, na mimi ile shingo naijua. Alikuwa anataka kwenda kukaa. Na akikaa, anakaa mpaka Kisanga.

Sikufikiria. Nikaingiza kichwa dirishani.

"Wee wifi! Nyie wa milimani bustani mnalima ukutani, hiyo ya tambarare utaiweza?"

Darasa zima likageuka. Mwalimu akashtuka. "Nani huyo? Nilidhani nyani!"

"Ni nyani kweli, Ticha," wifi akasema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kibandani. "Wa nyumbani kwetu. Hafukuziki."

Watu wakaangua kicheko. Nikaona mabega yameshuka. Nikaongeza petroli.

"Nijibu basi! Bustani umeijulia wapi wewe?"

Hapo akageuka, chaki kaninyooshea kama fimbo. "Bustani nimelima kwenu Kisanga, usinichezee! Tena bustani gani ile? Uzio wa miiba pande tatu, upande wa mto mmeacha wazi, eti maji yatazuia. Mbuzi wanakuja na huko huko mtoni, wanakunywa maji kwanza, wananawa midomo, ndo wanaingia kula mchi..."

Akaishia hapo. Mdomo wazi, chaki hewani.

Mimi nilikuwa sijaelewa kitu, naapa. Nilidhani kaganda tena, nikawa natafuta tusi lingine. Yeye akageuka taratibu akautazama ule mstatili wake ubaoni, pande nne zote zimechorwa, na hesabu zake chini, pande tatu tu.

"Ticha," akasema. "Hii bustani ina mto?"

Mwalimu akaangalia kitabu, akamwangalia. "Mto? Haina mto."

"Basi nimesahau upande."

Akafuta. Na kuanzia hapo hakumweleza mwalimu wala darasa, alinieleza mimi, kwa sauti ya ugomvi, anageuka dirishani kila hatua. Upana mara mbili, umesikia wewe? Urefu mara mbili, na huo wa mtoni nimeuziba, mbuzi wenu wakalale na njaa. Eksi nne jumlisha sita ni thelathini na nne. Toa sita huku, toa sita kule, eksi nne ni ishirini na nane. Gawanya. Eksi ni saba. Upana saba, urefu kumi, eneo mita za mraba sabini. Akapiga mstari chini ya jibu, ule mstari wa rula, mwili mzima umeegemea ubao.

Mwalimu hakutabasamu. Akauliza swali lake la mtego, lile lililowaangusha wengine: "Kwa nini umetoa sita pande zote mbili?"

"Kwa sababu nikitoa upande mmoja nitatoka nje nimesukwa nusu kichwa."

Yule mama wa chipsi, kumbe naye siku hizi anasoma pale, alipiga meza kwa mkono. Mwalimu akawa anajaribu kukunja uso lakini ukamshinda. Akasema, "Kesho njoo na picha mbili ndogo. Uandikishwe." Halafu akanigeukia: "Na wewe wa dirishani, unasoma wapi?"

"Nilishamaliza, Ticha."

"Ulimaliza nini?"

Bosi akanisaidia, akaanza kulia njaa, nikampitisha dirishani kama kifurushi.

Hiyo picha sikuiacha hivi hivi. Nilifumua ile mistari yote jioni ile ile nikamsuka upya, maana picha ya mtihani inakaa miaka. Nilimsuka kwa utulivu, sikumvuta. Akaniuliza kama naumwa.

Sikukuu ya Idi tukaenda Kisanga wote, kaka naye kapata ruhusa. Mama katupokea, shikamoo, marahaba, Bosi kachukuliwa hatukumwona tena mpaka jioni. Baada ya kula mama akasema kile tulichokuwa tunakisubiri.

"Haya. Mwaka umeisha. Mnahamia lini?"

Kaka akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyekuwa amempigia simu kumwambia wifi kaandikishwa. Basi nikaingia mimi, nikamsimulia mama habari yote, ubao, bustani, mbuzi wanaonawa midomo, nikaigiza mpaka ile chaki. Nilitegemea atacheka. Akakunja uso.

"Huyo mwalimu kalima wapi? Upande wa mto unazungushia nini?"

"Mama, ya kwenye swali haina mto," wifi akasema taratibu.

"Bustani isiyo na mto unamwagilia nini, mate?"

Wifi akashuka kwenye mkeka akakaa karibu naye, akachukua kijiti akamchorea pale chini. Akamwambia hii ni bustani ya mtu mwingine, mama, hatumjui, ila tunajua uzio wake. Upana hatuujui, tunauita eksi. Akaenda naye hatua kwa hatua, bila Kiingereza, bila haraka, na kila mama alipobisha akampa nafasi ya kubisha. Nilimwangalia nikawaza, huyu wagonjwa wake watapona kwa kusikiliza tu. Mama akafuata mpaka saba. Akakiangalia kile kijiti.

"Kwa hiyo ungeandika kama bustani yangu ilivyo, wangekunyima mtihani?"

"Wangeninyima, mama."

Asubuhi tuliamka hayupo ndani. Tukamkuta bustanini kando ya mto, panga mkononi, anaburuta matawi ya miiba kuyapanga upande wa maji, ule upande ambao tangu nizaliwe haujawahi kuona uzio.

"Mama, mgongo!" kaka akapiga kelele.

"Mgongo wangu una mwaka mmoja mwingine," akasema, wala hakugeuka. "Mpunga nitamwita jirani tusaidiane. Mwacheni mtoto akafanye mtihani wake. Isije ikasemekana bustani yangu imefelisha mtu."

Wifi akavua ndala, akaingia kushika upande wa pili wa tawi. Nikamsikia anamuuliza mama, matawi yakiwa yamepungua, anadhani zimebaki mita ngapi. Mama akamwambia apime mwenyewe, si ndo anachosoma.